Kupima mgagani kama unazuia inflamesheni (uvimbe) kwa kutumia ute wa yai, hatua kwa hatua

Kama huna seli wala panya na unataka kuanza kupima mboga za majani, anza na ute wa yai. Protini ikipigwa joto inapoteza umbo lake inaganda, na kuharibika kwa protini namna hiyo kunahusishwa na inflamesheni ya viungo, kwa hiyo dondoo la jani likiizuia isigande una sababu ya kuendelea mbele. Natumia mgagani, kule Kenya wanauita saga au dek, ila mnavu na mchicha ni utaratibu uleule.

Hatua ya 1: majani
Kabla hujaanika chochote peleka tawi lenye maua herbaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa (Nairobi ipo pale Makumbusho ya Taifa) wakuthibitishie kwamba ni Gynandropsis gynandra na wakupe namba ya sampuli. Halafu osha, anika kivulini mpaka jani ukilishika linavunjika, saga.

Hatua ya 2: dondoo
Gramu 50 za unga, mililita 500 za ethanoli ya 80%, loweka saa 48 huku unatikisa tikisa, chuja kwa karatasi ya kuchujia ya Whatman No. 1, vukiza kwenye 40°C. Pembeni chemsha fungu jingine kwa maji matupu, manake hakuna anayekula mgagani wa ethanoli jamani, watu wanachemsha na wengi wanamwaga yale maji ya kwanza kutoa uchungu, sasa na hayo maji yapime, usije ukakuta kilichokuwa kinafanya kazi ndo kinachomwagwa kila siku.

Hatua ya 3: kuchanganya
Kila tyubu weka mililita 0.2 za ute wa yai bichi, 2.8 za bafa ya fosfeti (maji yanayoshikilia pH isibadilike) pH 6.4, na 2 za dondoo. Kontroli inapata maji badala ya dondoo, na kama uliyeyushia kwenye DMSO (kiyeyushi cha maabara) basi kontroli nayo iwe na DMSO kiasi kilekile. Diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, ndo ya kulinganishia. Kila kipimo tyubu tatu. Angalia kitu kimoja, mililita 2 zimeingia kwenye jumla ya 5, kwa hiyo ukiweka dondoo la mikrogramu 1000 kwa mililita, ndani ya tyubu ni 400, andika hiyo 400.

Hatua ya 4: joto na kusoma
37°C dakika 15, kisha 70°C dakika 5, poza, soma kwenye spektofotomita (mashine inayopima mwanga unaozuiwa na kilichomo kwenye tyubu) nanomita 660, namba ikiwa kubwa ndo protini nyingi imeganda.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Klorofili, ule ukijani wa jani, nayo inafyonza mwanga karibu kabisa na hapohapo 660, na dondoo la ethanoli likiingia kwenye bafa linatia ukungu lenyewe hata bila yai, kwa hiyo mashine inakuhesabia ukijani wa jani kama vile ni protini iliyoganda. Dawa yake ni kila kiwango kiwe na tyubu pacha isiyo na yai, ipite joto lilelile, halafu unatoa. Mfano kontroli imesoma 0.80, dondoo na yai 0.62, pacha wake 0.20. Halisi ni 0.42, na (0.80 − 0.42) ÷ 0.80 × 100 inakupa 47.5% ya kuganda kulikozuiwa. Usipotoa unapata 22.5% na unaitupa mboga nzuri bure.

Kingine ni tanini, zile kemikali za mmea zenye ukakasi, zenyewe zinashikana na protini na kuigandisha hata kabla ya joto, kwa hiyo kagua tyubu kwa macho kabla hujaziweka kwenye maji ya moto, ukiona mawingu au vipande chini andika na usiamini namba ya hiyo tyubu.

Ukipata matokeo mazuri bado hujasema mgagani unatibu mtu, huu ni mchujo tu. Kinachofuata ni seli za RAW 264.7 (seli za kinga za panya) zilizochokozwa na LPS (kipande cha ganda la bakteria), unapima naitriki oksaidi, gesi ambayo seli zikichokozwa zinaitoa, kwa kemikali ya Griess kwenye nanomita 540, na lazima ufanye MTT (kipimo cha kuona seli ziko hai) sambamba, manake seli zilizokufa nazo hazitoi naitriki oksaidi.