Somo: Rangi ikififia, usiseme seli zimekufa

Habari zenu. Leo tunapima jinsi haidroksiyurea inavyoathiri seli. Wenye ndugu wanaougua selimundu wanaijua dawa hii. Ni molekuli ndogo inayoyeyuka majini, nayo hukizima kimeng'enya kinachoitwa ribonukleotidi redaktesi. Seli ikikikosa, haipati malighafi ya DNA na hukwama katikati ya kuinakili.

1. Panda seli za HeLa (seli za saratani zinazokuzwa maabara) 5,000 kila kishimo, kwenye sahani ya vishimo 96. Vya pembeni jaza maji ya chumvi tu, maana hukauka upesi vikakudanganya. Zilaze usiku kucha kwenye nyuzi 37.

2. Tia dawa kuanzia milimola 4, ukipunguza nusu kwa nusu, vishimo vitatu kwa kila kipimo. Bakiza visivyo na dawa, na visivyo na seli, vya kulinganishia. Glavu usivue.

3. Baada ya saa 72 weka MTT, kemikali ya njano, subiri saa tatu hivi. Seli hai huugeuza unjano wake kuwa fuwele za zambarau. Ondoa majimaji polepole, pipeti umeiinamisha, ncha isiguse chini. Fuwele ni nyembamba kama sindano, na ukizinyonya jibu lako limekwenda nazo. Ziyeyushe kwa DMSO, kiyeyushi cha maabara, soma ukolezi wa rangi kwa mwanga wa nanomita 570.

4. Chora grafu. Kipimo kinachoshusha rangi hadi nusu ndicho IC50.

Hapa wengi mnakosea. Haidroksiyurea husimamisha seli zisigawanyike. Kishimo kisicho na dawa kimezaliana siku tatu. Chenye dawa huenda kimebaki na zilezile ulizopanda, nzima kabisa. Kabla hujaandika "imeua", zihesabu kwa tripani bluu chini ya hadubini: iliyokufa huinywa bluu, iliyo hai huikataa.

Maswali

Mwalimu, nimepima dondoo la mwarobaini, zambarau ikazidi hata vishimo visivyo na dawa. Seli zimeongezeka?

Usikimbilie hapo, mdogo wangu. Dondoo nyingi za mimea huigeuza MTT zenyewe. Changanya dondoo na MTT bila seli uone. Rangi ikitokea, osha seli kabla ya kutia MTT.

Shikamoo Mwalimu. IC50 ikiwa ndogo, si nimethibitisha kimeng'enya kimezuiwa?

Marahaba. Bado. Seli hudhurika kwa njia nyingi. Pima kimeng'enya chenyewe kilichosafishwa, kisha uone kama malighafi za DNA zimepungua ndani ya seli.

Na seli zisizo za saratani?

Lazima, tena kwenye sahani hiyohiyo. Haidroksiyurea hugusa seli yoyote inayogawanyika. Ndiyo maana wanaoimeza hupimwa damu mara kwa mara.