Mdondo wa kuku wa kienyeji: chanja kabla haujaingia, na uchanje hivi

Wafugaji wenzangu, nawaomba tusisubiri mdondo (kideri, au Newcastle kwa Kiingereza) uingie ndo tukimbilie dukani. Ugonjwa huu hauna dawa, unaletwa na kirusi, yani hata umpe kuku antibayotiki gani au umsagie shubiri na pilipili haponi, na banda ambalo halijachanjwa linaweza kuisha lote ndani ya siku chache. Huku Tanzania unapiga sana kiangazi, kuanzia Agosti hivi mpaka Novemba, kwahiyo chanja mwezi mmoja kabla mana kinga inachukua kama wiki 2 kujijenga.

Nayoizungumzia ni chanjo ya matone ya macho ile ya I-2, hapa nchini inatengenezwa na TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) Kibaha kwa jina la TEMEVAC. Inavumilia joto kuliko Lasota, ile chanjo nyingine ya mdondo, ndo mana inafaa vijijini kusiko na umeme, lakini kuvumilia joto sio ruhusa ya kuianika juani! Ukitoka nayo dukani ifunge na kitambaa kibichi, uiweke kivulini, na angalia tarehe ya mwisho kabla hujalipa.

Usiku funga kuku wote bandani, asubuhi na mapema anza kabla hujafungulia, la sivyo utawakimbiza mpaka saa sita na nusu yao utawakosa. Mmoja anashika kuku anamlaza kichwa upande jicho likiangalia juu, mwingine anageuza chupa wima mdomo chini anadondosha tone MOJA kwenye jicho moja, ncha isiguse jicho, af subirini kuku apepese tone liingie ndo mumwachie. Tone likimwagikia pembeni rudia. Kifaranga na jogoo wote ni tone lile lile, usimwongezee jogoo eti kwasababu ni mkubwa. Ukimaliza nawa mikono, na usijifikiche macho ukiwa kazini mana yanaweza kuwasha na kuwa mekundu. Mayai na nyama mnakula kama kawaida.

Hapa ndo wengi wanakosea: kuku wameshaanza kuharisha kijani, wengine wanapinda shingo, wanahema kwa shida, ndo mtu anaita mchanjaji. Wale wenye kirusi tayari watakufa tu, kisha mtaa mzima unasema chanjo imeua kuku, na mwakani hakuna anayekubali kuchanja, inauma kweli. Tena mchanjaji akitoka hapo na viatu vile vile akaingia kwa jirani kaupeleka mwenyewe. Ugonjwa ukishaingia banda lako funga kuku, waliokufa wafukie chini sana au wachome, usiwauze wala usimpe mbwa, na wagonjwa usiwapeleke mnadani hata kama unahitaji hela kiasi gani.

Kuku wa kienyeji wanachanganyika wote jalalani, kwahiyo ongeeni na mwenyekiti wa kitongoji na bwana mifugo mpange siku moja kijiji kizima, chupa moja inachanja kuku wengi mkichangia inakuwa rahisi sana. Rudieni kila baada ya miezi 3, andikeni tarehe ukutani. Magonjwa mengine ya kuku kama ndui na gumboro yana chanjo zake, hii haiyazuii.

Kuku mgeni uliyenunua au kuletewa zawadi mtenge kwanza wiki 2, mchanje humo humo alipotengwa, af ndo umchanganye na wenzake.