Jinsi ya kufuatilia maisha ya mama mhamiaji wa Kiswidi kwenye tambarare za Marekani

Mwanamke wa Kiswidi aliyelima ardhi ya serikali huko Nebraska, Kansas, Minnesota au Dakota kati ya miaka ya 1860 na 1890 hakuacha jina lake sehemu nyingi. Ardhi iliandikwa kwa jina la mume na uraia aliupata kupitia mume, hivyo anayemtafuta kwa jina tu hukata tamaa mapema. Lakini zipo nyaraka zilizohesabu kazi na watoto badala ya wamiliki, na humo amejaa tele: siagi aliyoisukasuka, mayai ya kuku wake, watoto aliowazaa na aliowazika. Ukijua waraka upi ulihesabu nini, utampata.

Anza na sensa ya 1900, kisha rudi nyuma. Ndiyo sensa inayomzungumzia mama kwa undani zaidi: mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka aliyokaa katika ndoa, mwaka wa kuhamia Marekani, idadi ya watoto aliozaa na idadi ya walio hai. Nakili mstari mzima wa kaya, pamoja na majirani kumi juu na kumi chini, kwa sababu Waswidi wa usharika mmoja walipenda kukaa pamoja na hao majirani utawahitaji baadaye. Mwaka wa kuhamia uuchukue kwa tahadhari. Karani wa sensa aliandika alichoambiwa na yeyote aliyemkuta nyumbani, na kukosea mwaka mmoja au miwili ni kawaida. Jina nalo liliandikwa kama lilivyosikika. Kerstin na Stina hugeuka Christina, Karin anaweza kuwa Carrie. Ukikosa, acha jina la ukoo kabisa. Tafuta kwa jina la kwanza la mama, kaunti, Uswidi kama nchi ya kuzaliwa, na jina la mtoto mmoja ambalo si la kawaida.

Usipoteze muda na sensa ya 1890. Iliharibiwa na moto wa 1921 na mabaki yake yakateketezwa baadaye, kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 kuna pengo la miaka ishirini. Pengo hilo zibe na sensa za 1885, ambazo Nebraska, Kansas, Minnesota na Dakota zote zilikuwa nazo.

Watoto wasioonekana

Tuseme sensa ya 1900 inasema alizaa tisa na walio hai ni sita. Wale watatu ndio kazi yako ya kwanza. Panga watoto unaowajua kwa tarehe za kuzaliwa. Mama aliyekuwa akinyonyesha kwa kawaida alizaa kila baada ya miaka miwili hivi. Pengo la miaka minne au zaidi mara nyingi lina mtoto ndani yake, au lina mume aliyekwenda kufanya kazi mbali. Jina lililorudiwa ni dalili nzuri zaidi. Waswidi walizoea kumpa mtoto mpya jina la ndugu yake aliyefariki, kwa hiyo Anna wa 1876 na Anna wa 1879 si kosa la karani.

Kisha fungua orodha za vifo zilizoambatana na sensa ya 1880. Zinataja waliofariki katika miezi kumi na miwili iliyoishia tarehe 31 Mei, pamoja na umri, mwezi na sababu ya kifo. Nebraska ilifanya hivyohivyo mwaka 1885. Nje ya miezi hiyo, utategemea vitabu vya kanisa.

Na vitabu vya kanisa ndiyo hazina yenyewe. Makanisa mengi ya Kilutheri ya Waswidi yalikuwa chini ya Sinodi ya Augustana, iliyoundwa mwaka 1860, na mikrofilamu za vitabu vya sharika hizo ziko Swenson Swedish Immigration Research Center, katika chuo cha Augustana College mjini Rock Island, Illinois. Kitabu kizuri cha washarika hutaja tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu, parokia aliyozaliwa Uswidi, mwaka wa kufika Marekani, usharika aliotokea, ubatizo na kipaimara cha watoto, na maziko. Usipoukuta ukoo huko, usihitimishe kwamba hawakuwa na dini. Wengi walikuwa Wabaptisti, Wamethodisti au wa makanisa ya uamsho, na Wabaptisti hawakubatiza watoto wachanga.

Tarehe za Kiswidi zina mitego miwili. 12/1 ni tarehe 12 Januari, siyo Desemba mosi, kwa sababu siku hutangulia mwezi. Na ukiona 7ber, 8ber au 9ber, hiyo ni Septemba, Oktoba na Novemba. Wanaosoma 7ber kama Julai ni wengi mno, na kosa hilo limesambaa kwenye miti ya ukoo ya mtandaoni.

Faili la ardhi

Sheria ya Homestead, iliyotiwa saini tarehe 20 Mei 1862, iliruhusu mkuu wa kaya, au mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, raia au aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia, kuchukua hadi ekari 160 kwa kulipa ada tu. Masharti yalikuwa kuishi pale miaka mitano, kujenga na kulima, kisha kuleta mashahidi wawili. Mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa mkuu wa kaya. Mjane, aliyeachika na asiyeolewa waliweza kuandikisha, na mume akifa kabla ya miaka mitano mjane aliruhusiwa kukamilisha. Kwa hiyo tafuta kwa jina la mume, kisha kwa la mke, maana hati nyingine zimeorodheshwa kwa jina la mjane.

Utafutaji wenyewe ni hatua mbili. Kwanza ingia kwenye tovuti ya hati za ardhi ya Bureau of Land Management, idara ya Marekani inayosimamia ardhi ya serikali, weka jimbo, kaunti na jina, na uandike vitu vitatu: ofisi ya ardhi, namba ya cheti cha mwisho (final certificate), na maelezo ya eneo. Kisha kwa vitu hivyo agiza faili kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, Washington. Picha ya hati iliyo kwenye tovuti ni karatasi moja isiyo na maisha ya mtu yeyote. Wengi huishia hapo na hukosa faili lenyewe. Kwenye faili kuna ushahidi wa mwisho: siku familia ilipohamia, nyumba ni ya nini na ina ukubwa gani, ekari ngapi zimelimwa na kwa misimu mingapi, visima, mazizi, miti, na familia ni watu wangapi.

Soma kwa makini jibu la swali kuhusu kutokuwepo shambani. Hapo mume anakiri kwamba alikuwa miezi kadhaa kwenye ujenzi wa reli au kwa mwajiri fulani, na kwamba mke na watoto walibaki. Maana yake, aliyetimiza sharti la kuishi pale ni mama.

Vipimo vya nyumba visikupite hivihivi. Nyumba ya futi 16 kwa 20 ni kama mita 5 kwa 6, chini ya mita 30 za mraba, kwa watu wote uliowahesabu kwenye sensa. Kama ni ya mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya nyasi, kumbuka paa lake lilivuja matope hata baada ya mvua kukatika, na wanawake walitandika kitambaa chini ya dari kuzuia vumbi na wadudu. Nishati nayo ilikuwa shida mahali pasipo na miti: walichoma kinyesi kikavu cha ng'ombe na nyasi zilizosokotwa, ambazo huisha motoni upesi na humtaka mtu akae karibu na jiko.

Maelezo ya eneo husomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo: meridiani (mstari mkuu wa upimaji), safu (range), mji wa upimaji (township), sehemu (section), kisha robo. Mji wa upimaji una maili 6 kila upande na sehemu 36, na kila sehemu ni ekari 640, ndiyo maana robo ni 160. Namba huanzia pembe ya kaskazini-mashariki, zinakwenda magharibi hadi 6, zinashuka, halafu 7 hadi 12 zinarudi mashariki. Asiyejua hilo huweka shamba upande usio wake na kukosa majirani wote.

Faili lisipopatikana, tazama namba ya sehemu. Katika maeneo yaliyopewa kampuni za reli, sehemu za namba witiri zilikuwa za reli, na familia iliyokaa huko ilinunua. Nenda kwenye vitabu vya mauzo ya ardhi vya kaunti. Ukikuta shamba la ekari 80 tu, usidhani karani alikosea: ndani ya maeneo ya reli hicho ndicho kilikuwa kiwango cha kawaida hadi 1879. Vitabu hivyo vina faida nyingine. Shamba lilipouzwa, mke naye mara nyingi alitia saini kuachia haki yake, na baadhi waliweka alama ya X. Alama hiyo haina maana kwamba hakujua kusoma. Kanisa la Uswidi lilimpima kila mtu kusoma. Kuandika lilikuwa jambo jingine.

Siagi na mayai

Orodha ya kilimo ya sensa ya 1880 inaeleza mwaka 1879: ng'ombe wa maziwa, ratili za siagi, jibini, kuku, na dazeni za mayai. Hizi zilikuwa kazi za mama, na mara nyingi ndizo zilizonunua kahawa, sukari na nguo dukani wakati ngano ilipokataa. Geuza namba kuwa kazi. Ratili moja ya siagi hutaka takriban lita 10 za maziwa, kwa hiyo siagi ya ratili 200 ni lita 2,000 zilizokamuliwa, kuenguliwa malai na kusukwa kwa mkono, nyingi zikiwa za kiangazi, kwa vile ng'ombe walikauka majira ya baridi. Linganisha na majirani wale ishirini, siyo na wastani wa jimbo. Siagi ikiwa kidogo mno, angalia kwanza kama kulikuwa na mtoto mchanga mwaka ule. Orodha za kilimo za 1890 na 1900 hazipo tena, lakini Nebraska na Kansas zilihesabu mwaka 1885.

Kuvuka kwenda Uswidi

Usianze hatua hii bila tarehe kamili ya kuzaliwa na parokia. Akina Anna Andersdotter ni wengi kupita kiasi, na parokia zenye jina moja zipo katika mikoa tofauti. Ukiwa na hivyo viwili, fungua vitabu vya husförhörslängd, yaani vya mtihani wa dini ambao kanisa liliipa kila kaya, kwenye tovuti ya Riksarkivet, hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Uswidi. Vimepangwa kwa kijiji na shamba, na vinaonyesha kaya nzima, tarehe za kuzaliwa, mahali walikotoka na walikohamia. Vinakoma karibu na 1895, kisha vinafuata församlingsbok, yaani vitabu vya usharika. Kuhama kumeandikwa pembeni: tarehe, na N. Amerika, yaani Amerika Kaskazini.

Kwenye orodha za abiria za bandari ya Göteborg, zinazoanza 1869, mtafute kwa jina la baba yake. Binti wa Anders alibaki Andersdotter hata baada ya kuolewa, na mara nyingi alisafiri na watoto mwaka mmoja au miwili nyuma ya mume, kupitia Hull na Liverpool, bandari za Uingereza. Anayetafuta familia nzima ndani ya meli moja hamwoni.

Ukikwama kabisa, geukia bouppteckning ya wazazi wake, yaani orodha ya mali iliyoandikwa baada ya kifo. Warithi wote walitajwa, na binti aliye ng'ambo huandikwa humo, wakati mwingine pamoja na jina la mumewe na jimbo anakoishi.