GRUB imekwama ndani ya VirtualBox: isome skrini kabla ya kufuta mashine

Hapa Bukavu ugonjwa huu karibu kila mara unaanzia kwenye umeme. Betri ya laptopu ilikufa zamani, mashine inaishi kwa waya tu. Mwanafunzi yuko katikati ya `apt upgrade`, yaani kusasisha programu, ndani ya mashine pepe yake (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na VirtualBox), delestaji (mgao wa umeme) inapita, mtaa wa Kadutu unaingia giza. Umeme ukirudi, VirtualBox inafunguka vizuri, lakini Linux iliyo ndani haiwaki, kwa sababu GRUB, programu ndogo inayoiwasha, imekwama. Kijana anaona herufi nyeupe kwenye skrini nyeusi, anakimbilia kufuta kila kitu na kusimika upya.

Nikimkuta kabla hajabonyeza, namwambia: tulia kwanza, mdogo wangu. Faili zako kwa kawaida ziko palepale, kilichoharibika ni vitu viwili vitatu vya kuwashia. Na ISO (faili la kusimikia) ya Ubuntu ya mezani imepita giga 5. Utaishusha kwa mega za nani?

Mifano yangu ni ya VirtualBox yenye Debian au Ubuntu ndani. Menyu za VirtualBox nazitaja kwa Kifaransa, maana ndivyo zinavyotokea kwenye kompyuta zetu nyingi.

Kabla ya kugusa chochote

Zima mashine pepe, nenda kwenye Instantanés, chukua picha moja ya hali ilivyo. Mwanzoni hailiki nafasi kubwa, na ukikosea amri unarudi ulipokuwa. Wanafunzi wangu wanairuka hatua hii kila mwaka.

Hatua ya 1: jua mashine imeishia wapi

Mlolongo wa kuwaka ni huu. BIOS ya mashine pepe inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, na humo GRUB, yaani butiloda yetu, ina baiti 446 tu za kujibana. Kipande hicho kidogo kinaita kikubwa zaidi, `core.img`, ambacho kwa kawaida kimefichwa katika nafasi iliyo kabla ya patisheni ya kwanza. Hicho ndicho kinachotafuta folda `/boot/grub`, kinapakia `normal.mod`, kinasoma `grub.cfg`, ndipo unaona menyu. Baada ya menyu, kerneli (kiini cha Linux) na initrd (faili dogo linaloisaidia kerneli kuanza) zinapanda kwenye memori, na GRUB imemaliza kazi yake.

Kwa hiyo ujumbe ulio kwenye skrini unakuambia mnyororo umekatikia wapi. Uandike kwenye karatasi neno kwa neno, au upige picha kwa simu. Mtu akiniletea "inaandika tu mambo ya error", namrudisha akasome.

Hatua ya 2: "FATAL: No bootable medium found! System halted."

Matoleo mengine yanasema `Could not read from the boot medium`. Hapa GRUB haijafikiwa hata kidogo. Fungua Stockage uone kama VDI yako (faili la diski ya mashine pepe) iko chini ya kidhibiti. Ikiwepo, nenda Système uangalie kisanduku cha EFI, njia mpya ya kuwasha inayochukua nafasi ya BIOS. Kisa ninachokutana nacho zaidi: mtu amepewa VDI kwenye flashi na rafiki, ameunda mashine mpya, ameichomeka diski, lakini Linux ile ilisimikwa kwa EFI na kisanduku hakina tiki. Weka tiki, washa. Kama ilisimikwa kwa BIOS ya kawaida na tiki ipo, itoe.

Ukishaweka EFI unaweza kuangukia kwenye alama ya `Shell>`. Andika:

```
FS0:
cd EFI\debian
grubx64.efi
```

Kwa Ubuntu folda ni `EFI\ubuntu`. Linux ikiwaka, mara moja fanya hivi ili isijirudie:

```
sudo grub-install --target=x86_64-efi --removable
```

Amri hiyo inaweka nakala ya GRUB mahali ambapo EFI inatafuta yenyewe hata ikiwa imesahau orodha yake.

Hatua ya 3: "grub rescue>", na kibodi inayokusaliti

Alama hii inamaanisha `core.img` imewaka lakini haikupata `normal.mod`. Kabla ya amri zenyewe, kuna jambo ambalo miongozo mingi ya intaneti hailitaji, kwa sababu walioiandika hawatumii kibodi zetu. Sisi tuna AZERTY. GRUB katika hali hii inadhani una kibodi ya Kimarekani. Unaandika `normal` inatokea `nor;ql`, unadhani umerogwa.

Tafsiri ya vidole ni hii: ukitaka `a` bonyeza Q, ukitaka `m` bonyeza kitufe cha koma, ukitaka koma bonyeza kitufe cha nukta-mkato. Mkwaju `/` uko kwenye kitufe cha alama ya mshangao. Mabano yanatoka kwa Shift pamoja na 9 (kufungua) na Shift pamoja na 0 (kufunga). Namba zenyewe zinatoka bila Shift, kinyume na tulivyozoea. Kistari `-` kiko kwenye kitufe cha mabano ya kufunga, na alama ya `=` haijahama, Mungu ni mwema. Kwenye `Shell>` ya EFI mambo ni yaleyale, na huko utahitaji pia nukta mbili, ambazo ni Shift na M, na mkwaju wa kinyume, ambao ni kitufe cha nyota karibu na Entrée.

Basi, `insmod` utaiandika kwa kubonyeza i, n, s, koma, o, d. Mara ya tatu vidole vinazoea.

Sasa amri:

```
ls
```

Itakujibu kitu kama `(hd0) (hd0,msdos5) (hd0,msdos1)`. Jaribu moja moja:

```
ls (hd0,msdos1)/
```

Ikikuonyesha `boot`, `etc`, `home`, ndiyo hiyo. Ikisema `unknown filesystem`, jaribu inayofuata. Ukiipata:

```
set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
set root=(hd0,msdos1)
insmod normal
normal
```

Menyu itatokea. Ingia Linux, kisha utengeneze kwa kudumu, maana ulichofanya kinaishi hadi utakapozima tu:

```
sudo grub-install /dev/sda
sudo update-grub
```

Ni `/dev/sda`, si `/dev/sda1`. GRUB ya BIOS inakaa mwanzoni mwa diski nzima. Thibitisha jina kwa `lsblk` kwanza, kwa sababu ukitumia kidhibiti cha virtio diski inaitwa `vda`.

Hatua ya 4: "symbol ... not found"

Hii ilinipiga darasa zima. Nilitengeneza mashine moja nzuri, nikaitoa kama OVA (faili moja lenye mashine pepe nzima), nikawagawia wanafunzi kwa flashi. Wiki mbili baadaye, baada ya kusasisha, mashine kadhaa zilianguka kwenye `grub rescue>` zikiandika `symbol 'grub_calloc' not found`. Nilishuku flashi, nikashuku virusi, siku nzima ikapotea.

Sababu ni hii. Kifurushi cha `grub-pc` kinakumbuka diski kwa kitambulisho chake, jina refu linaloanza na `ata-VBOX_HARDDISK`. Ukiingiza OVA, diski inapewa kitambulisho kipya. Sasisho likija, moduli mpya zinaingia `/boot/grub`, lakini `core.img` inabaki ya zamani kwa kuwa kifurushi hakioni tena diski kinayoijua. Nusu mpya na nusu ya kale hazielewani. Ujumbe huo wa `grub_calloc` ulisambaa sana kuanzia Julai 2020, lilipotoka sasisho la usalama la GRUB.

Amri za hatua ya 3 hazitakusaidia hapa, kwani `insmod normal` yenyewe ndiyo inayokataa. Tafuta ISO yoyote ya Linux inayowaka bila kusimikwa. Ukiwa huna, ISO ya Debian netinst iko chini ya giga moja na ina Rescue mode yake. Ukitumia ya kwanza, ichomeke katika Stockage, washa nayo, fungua tamino:

```
sudo mount /dev/sda1 /mnt
for d in dev proc sys; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
dpkg-reconfigure grub-pc
```

Kama ulitumia LVM (mfumo wa kugawa diski kwa patisheni za kubadilika), tanguliza `sudo vgchange -ay`. Dirisha la kuchagua diski likitokea, weka nyota kwenye `/dev/sda` kwa kitufe cha nafasi. Wengi wanabonyeza Entrée bila nyota, wanatoka wakidhani wamemaliza.

Hatua ya 5: menyu ipo, kerneli inaanguka

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Ndilo zao la delestaji katikati ya sasisho: kerneli mpya imeandikwa, initrd yake haikukamilika. Kwenye menyu chagua Advanced options, washa kerneli ya zamani, halafu:

```
df -h /boot
sudo dpkg --configure -a
sudo update-grub
```

Amri ya kwanza ni ya kuhakikisha `/boot` haijajaa, kwani nayo huleta ujumbe huohuo. Ikiwa `ls /boot` bado haionyeshi initrd ya kerneli mpya, iunde kwa `sudo update-initramfs -c -k` ukifuatisha namba ya toleo.

Hatua ya 6: kwa sisi wa umeme wa kubahatisha

VirtualBox, ili iende mbio, kwa kawaida inapuuza mashine pepe inapoomba data iandikwe kwenye diski papo hapo. Penye umeme imara hakuna shida. Hapa kwetu ndipo faili zinapopotelea. Mashine ikiwa imezimwa, andika kwenye kompyuta yako mwenyewe, ukiweka jina la mashine yako (hii ni kwa kidhibiti cha SATA, diski ya kwanza):

```
VBoxManage setextradata "Debian" "VBoxInternal/Devices/ahci/0/LUN#0/Config/IgnoreFlush" 0
```

Mashine itakuwa nzito kidogo wakati wa kuandika. Mimi nimeiweka kwenye zote, na `apt upgrade` naifanya asubuhi, laptopu ikiwa kwenye inverta ya jirani.