Mwambie dereva azime injini

Picha za duma zinatoka na ukungu, unalaumu kamera? Mara nyingi kosa ni gari. Injini ikiunguruma, mtetemo unapanda hadi kwenye lenzi, na lenzi ndefu haina huruma. Azime kabla hujainua kamera, na abiria wenzako watulie: mmoja akihama kiti, gari zima linayumba. Jaza kilo mbili za mchele kwenye mfuko wa kitambaa, uweke kwenye ukingo wa dirisha, lenzi ilale juu yake. (Wangu huishia sufuriani safari ikiisha.)

Mnyama akikimbia, weka shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) 1/2000 ya sekunde. Alfajiri mwanga ukiwa hafifu, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila woga. Chembechembe zitakazojitokeza pichani zinavumilika, ukungu hautibiki. Ukitaka mandhari nyuma yake ivutike kama mistari, shusha shata hadi 1/30 na uzungushe kiuno kumfuata, si mikono. Nyingi zitaharibika, zoea.

Kule Ndutu, kusini mwa Serengeti, mwezi wa Februari nyumbu wanapozaa, mtazame duma kichwa. Akikiinamisha na kukaza macho kwa ndama mmoja, kidole kiwe tayari kwenye kitufe. Ukisubiri achomoke, umebaki na picha ya vumbi.