Somo: Kurudi kwenye baiskeli ya milimani baada ya kuvunjika kifundo cha mkono

Kila masika njia za mguu zinazoshuka kutoka Kilema na Machame huanza kuteleza, na kila masika kuna mwenzetu anayerudi Moshi mjini ameushika mkono mmoja kwa mwingine. Swali lake la kwanza huwa lile lile: nitapanda tena lini? Anataka tarehe. Daktari atampa tarehe, nayo ni ya kweli, ila inahusu mfupa peke yake. Mkono una kano, misuli na neva, na kila kimoja kina mwendo wake wa kupona. Ndiyo maana hapa nimeweka vipimo vingi kuliko wiki. Njia hii nimeipita mwenyewe kwa mkono wa kulia, na nimewasindikiza wenzangu kadhaa. Mimi si daktari; daktari au mtaalamu wako wa fiziotherapia akikwambia tofauti na haya, mfuate yeye.

Hatua ya 1: Saa za mwanzo

Ukianguka na mkono ukauma, vua pete, saa na bangili palepale, kabla hujaenda kuangalia baiskeli. Uvimbe huja haraka, na pete iliyonasa hukata damu ya kidole. Tafuta kitu kigumu, boksi lililokunjwa au kipande cha ubao, uegemeze mkono juu yake kuanzia karibu na kiwiko hadi vidoleni, funga bila kukaza, kisha uning'inize kwa kanga shingoni. Bonyeza ukucha: ukigeuka mweupe, rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Vidole vikiwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, au mfupa umetoboa ngozi, hiyo ni dharura na hospitali haisubiri kesho.

Halafu kuna jambo la kuchuliwa. Najua wapo wazee wenye mikono myepesi, na ninawaheshimu. Lakini mfupa uliovunjika una ncha kali, na jirani zake ni mishipa na neva. Ukichuliwa kabla ya picha unaweza kusogeza kilichokuwa kimekaa vizuri. Kubaya zaidi ni kufungwa kwa vijiti na kamba za kubana: damu haipiti, nyama inakufa, na kuna watu waliokatwa mkono kwa mvunjiko ambao ungepona bila shida. Nenda kapige eksirei kwanza.

Hatua ya 2: Jua umevunja mfupa upi

Usitoke hospitali na maneno "umevunjika mkono" tu. Uliza jina la mfupa, uliza kama umehama mahali pake, uliza kama umeingia kwenye kiungo.

Anayeangukia kiganja mara nyingi huvunja ncha ya radiasi, ule mfupa unaotoka kiwiko hadi kifundo, upande wa kidole gumba. Abraham Colles, daktari mpasuaji wa Dublin, aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814 kwa kutazama na kupapasa, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Ukihama, mkono hupinda mfano wa uma wa mezani uliolazwa kifudifudi, na hata asiye daktari hujua kuna kasoro.

Skafoidi, mfupa mdogo wa ndani ya kifundo, ndiyo ya kuogopa, kwa sababu haionyeshi kitu. Nyanyua kidole gumba: utaona kishimo kati ya kano mbili, upande wa kifundo. Skafoidi iko chini ya kishimo hicho. Ukikibonyeza kikauma baada ya kuanguka, uchukuliwe kuwa umevunjika hadi ithibitike vinginevyo, hata kama eksirei ya siku ya kwanza ni safi. Kawaida mkono hufungwa, kisha picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, au hufanyika siti skani au MRI inapopatikana. Sababu ya tahadhari yote hiyo ni damu: sehemu kubwa ya damu ya mfupa huu huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma, kwa hiyo ukikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu na kufa.

Hatua ya 3: Ndani ya plasta gumu

Radiasi huhitaji takribani wiki 6. Skafoidi mara nyingi ni wiki 8 hadi 12, na nyingine huzidi hapo. Siku za mwanzo uweke mkono juu kuliko moyo, hata ukilala, kwa mito miwili. Usiloweshe plasta, na usichokonoe kwa kijiti ukiwashwa, kidonda cha humo ndani hukioni. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, plasta ikabana na vidole vikauma ukivinyoosha, rudi hospitali usiku huohuo.

Vidole, kiwiko na bega havijavunjika, visikae bure. Kila saa ukiwa macho kunja ngumi, fungua, gusanisha kidole gumba na kila kidole, nyanyua mkono juu ya kichwa. Bega lililoganda lina tabu kuliko kifundo chenyewe.

Sigara ziachwe, zinachelewesha mfupa kuunga. Kula dagaa, maziwa, mayai, maharage na mboga za majani. Miguu ifanyie kazi kwa kutembea vilimani. Mapafu hayajui kama unapanda kwa baiskeli au kwa viatu.

Hatua ya 4: Plasta ikitoka

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Plasta inakatwa asubuhi, jioni mtu anataka kujaribu breki. Utakachokiona ni mkono mwembamba, ngozi inayobambuka, kifundo kisichokunjika. Mfupa umeunga lakini bado haujakomaa, na misuli imelala muda wote huo.

Wiki ya kwanza ni ya mwendo, si ya nguvu. Loweka mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na humo ndani ukunje na kukunjua kifundo taratibu, kisha upande kwa upande. Baada ya hapo fanya zoezi la mwiko: kaa, kiwiko kimebana ubavuni, shika mwiko wa ugali kwa mpini ukiwa umesimama wima, uulaze upande wa ndani, uurudishe, uulaze upande wa nje. Ukishika karibu na ubapa ni mwepesi. Kadiri unavyoshuka mpini ndivyo unavyokuwa mzito. Kugeuza kiganja kitazame juu ndiko kunakochelewa kurudi, na ndiko watu wanakokuacha.

Nguvu zinafuata. Kamua sponji, kisha taulo dogo lenye maji, kisha fulana. Kukanda unga wa chapati ni zoezi kamili, kwa sababu kiganja kinasukuma huku kifundo kimekunjwa kwenda nyuma, mkao uleule wa kwenye usukani. Maumivu yanayotulia muda mfupi baada ya zoezi si kitu cha kukutisha. Yakilala na wewe hadi asubuhi, au uvimbe ukirudi, umezidisha, punguza.

Kabla ya kugusa baiskeli, ninataka mtu apite vipimo hivi, na daktari awe amesema picha inaonyesha mfupa umeunga:

- Kuinuka kwenye kiti kwa kusukumia viganja vyote viwili, bila kukwepesha mkono mbovu.
- Kubeba dumu la lita 5 lililojaa kwa mkono huo na kupanda nalo ngazi.
- Kupiga pushapu za ukutani, kisha za kwenye ukingo wa meza, bila maumivu makali.
- Kuweka kiganja juu ya mizani ya kupimia uzito na kusukuma: mkono mbovu ukaribie ule mzima.

Mizani ninaipenda kuliko vyote. Mkono unaweza kukudanganya kwamba uko sawa, lakini ukiona upande mmoja unasukuma kilo 30 na mwingine 12, ubishi umekwisha.

Hatua ya 5: Itengeneze baiskeli imfuate mgonjwa

Anza na kiti. Kiti kilichoinamisha pua kinakutelezesha mbele, na uzito wote unahamia viganjani. Kilaze sawasawa. Kisha kaa, nyoosha vidole juu ya vishikio vya breki: mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole uwe mstari mmoja. Ukiona kifundo kimepinda juu au chini, legeza boliti ya kishikio, kizungushe. Baiskeli nyingi zina skrubu ndogo kwenye kishikio ya kukisogeza karibu na vidole. Itumie, kidole cha shahada kifike bila kujivuta.

Angalia pia breki ya mbele iko mkono gani. Baiskeli zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto kwa kawaida huwa nayo kulia. Mitumba mingi kutoka Ulaya bara na Marekani inakuja nayo kushoto. Breki ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa kwenye mteremko. Ikiwa iko upande wa mkono mbovu na waya wake ni mzito, badilisha waya na ala yake, au hamishia upande wa pili. Ukihamisha, kaifanyie mazoezi uwanjani hadi vidole vizoee, maana kosa la kubana breki isiyo yenyewe linakurudisha Hatua ya 1.

Upepo wa tairi upunguze kidogo, ndani ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Usishushe kupita kiasi kama una tyubu, jiwe litaiuma kwenye rimu. Mipira ya usukani iwe minene na laini. Kama shokomzoba za mbele zimekauka na hazishuki, zifanyiwe huduma kabla ya safari.

Hatua ya 6: Njiani

Lami au moramu iliyoshindiliwa kwanza, dakika 20, siku moja ndiyo na siku inayofuata hapana. Barabara yenye rasta ikwepe kabisa mwanzoni. Mtikisiko mdogo wa mfululizo unachosha kifundo kuliko jiwe moja kubwa. Halafu panda milima. Kupanda hakuna shida sana, uzito uko nyuma. Kushuka ndiko kunakodai mkono, kwa hiyo njia za mguu zenye mizizi na mawe ziwe za mwisho, nazo ziwe kavu. Ukifika sehemu ya hatari, shuka utembee. Mkono ukianza kutetemeka ukiwa unabana breki, hiyo ndiyo ishara ya kugeuza nyumbani, hata kama wenzako wanaendelea.

Kuna wanaopona kwa miezi mitatu, wengine sita. Nguvu ya kushika huendelea kuongezeka hadi mwaka mzima.

Maswali ya wadau

*Mkuu, asante kwa somo. Mimi niliwekewa chuma na skrubu kwenye radiasi. Nikishapona lazima kitolewe ndipo nirudi kwenye baiskeli? (Morogoro)*

Si lazima, mkuu. Vyuma vingi huachwa maisha. Hutolewa kama vinasugua kano, vinauma au vimelegea. Ukitolewa, matundu ya skrubu huacha mfupa dhaifu kwa muda, kwa hiyo unaanza tena taratibu kabla ya kurudi kwenye mawe.

*Kaka, plasta yangu ilitoka vizuri, maumivu hamna. Juzi ghafla kidole gumba kimekataa kunyanyuka, kimelala tu. Nikiweka kiganja mezani hakipandi. Nifanye zoezi gani? (Iringa)*

Usifanye zoezi lolote, nenda kwa daktari wa mifupa wiki hii. Kano inayonyanyua kidole gumba hupita juu ya radiasi, na inaweza kukatika wiki kadhaa baada ya mvunjiko, hata ule ambao haukuhama na ulioonekana mdogo. Mazoezi hayaungi kano. Kuna upasuaji wa kuhamisha kano nyingine ifanye kazi hiyo, na matokeo yake huwa mazuri.

*Shikamoo. Mwanangu ana miaka 11, alivunjika akiruka na baiskeli, amefungwa wiki 4 tu. Naona ni haraka mno. (Tanga)*

Marahaba mama. Kwa mtoto si haraka, mifupa yao huunga mapema. La kuuliza ni kama mvunjiko uligusa sehemu ya kukulia, iliyo karibu na ncha ya radiasi. Kama uligusa, afuatiliwe na kupigwa picha tena, kwani mfupa unaweza kusimama kukua au kukua upande. Na kuruka kusubiri hadi daktari aruhusu, hata akisema haumwi.

*Mimi huendesha msitu wa Karura kila Jumamosi, nina miaka 56. Sikuanguka kwa kasi, nilikuwa nimesimama nikapoteza mizani tu, na mkono ukavunjika. Je, nivae kinga ngumu ya kifundo nikirudi? (Nairobi)*

Pole sana dada. Kinga ngumu huwasaidia wanaoteleza kwenye theluji, lakini kwenye baiskeli inazuia kifundo kukunjika na unashindwa kushika usukani vizuri. Glovu zenye kiganja kinene zinatosha. Lakini swali lako lina jambo kubwa zaidi. Mfupa uliovunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama, kwa mwanamke aliyevuka miaka 50, unataka uchunguzi. Muombe daktari akupime msongamano wa mifupa na kiwango cha vitamini D. Mifupa ikiwa imepungua kuna dawa, na kuzianza sasa kunalinda nyonga na uti wa mgongo.

*Mkono umepona, vipimo vyako vyote nimepita. Ila nikifika pale nilipoangukia mwili wote unakakamaa. (Arusha)*

Kukakamaa kwenyewe ndiko kunakoangusha: mikono ikinyooka na kuganda, kila jiwe linapiga moja kwa moja kifundoni. Acha hapo mahali kwa sasa. Tafuta mteremko mfupi unaouona wote hadi chini, ushuke ukiwa umesimama kwenye pedali, viwiko vimefunguka, kidole kimoja tu kwenye breki, macho mbele. Urudie siku hiyohiyo hadi upumue kawaida ukiwa katikati yake. Kisha tafuta mrefu kidogo kuliko huo. Pale ulipoangukia nenda kwanza kwa miguu na mwenzako, mkague mstari wa kupita, uamue utapita wapi na utaanza kubana breki wapi. Ukiona bado, zunguka upande.