Joto, kuchua na mazoezi: namna ya kuviunganisha ili kutuliza maumivu ya mgongo na misuli

Mtu wa Moshi anayeumwa mgongo hakosi washauri. Ndugu atamwambia akandwe kwa maji ya moto, jirani atamletea dawa ya kuchua, muuza duka la dawa atamwonyesha mkanda wa kiuno, naye daktari wa hospitali ya KCMC atamwelekeza kwenye fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi. Kinachokosekana mara nyingi ni mpangilio: kipi kitangulie, kipi kifuate na kipi kiachwe kabisa. Mwongozo huu unaunganisha njia tatu zinazowezekana nyumbani, yaani joto, kuchua na mazoezi, kwa kuzingatia kwamba mbili za kwanza hutuliza kwa muda mfupi tu na faida yake kubwa ni kumwezesha mgonjwa kuifanya ya tatu.

Kwanza hakikisha kwamba maumivu yako ni ya kutibiwa nyumbani. Mwenye ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, anayeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, au ambaye mguu wake unaishiwa nguvu, afike hospitali siku hiyohiyo. Homa, kupungua uzito na maumivu yanayozidi usiku yanahitaji vipimo, kwa sababu kifua kikuu hushambulia pia pingili za uti wa mgongo, na katika mikoa yetu yenye wafugaji wengi, bruselosi inayoambukizwa kwa maziwa yasiyochemshwa huweza kujitokeza kwa homa na maumivu ya kiuno.

Baada ya hapo anza na joto. Lowesha taulo nene katika maji ya moto, likamue, lijaribu kwa upande wa ndani wa mkono, kisha lilaze kiunoni kwa dakika 15 hadi 20, ukilibadilisha linapopoa. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za ngozi asitumie joto bila msimamizi, kwani anaweza kuungua asijue. Jeraha jipya lenye uvimbe halikandwi kwa moto; siku mbili za mwanzo litulizwe kwa barafu iliyofungwa katika kitambaa.

Misuli ikiwa bado ina joto, ndipo ichuliwe. Mgonjwa alale kifudifudi, mto mwembamba ukiwa chini ya tumbo, na msaidizi apake mafuta kidogo, kisha asukume kwa viganja kutoka kiunoni kwenda juu, pembeni mwa uti wa mgongo na si juu ya mifupa yenyewe, kwa dakika 10 hivi. Nguvu itoshe kumfanya mgonjwa avute pumzi ndefu, isimfanye ajikaze. Wapo wanaompandisha mtoto mgongoni akanyage. Desturi hiyo iachwe, hasa kwa wazee ambao mifupa yao huenda imedhoofika.

Usiinuke na kwenda kukaa kwenye kochi, kwa kuwa nafasi iliyopatikana ni ya kufanya mazoezi. Lala chali juu ya mkeka, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikikanyaga sakafu, bana tumbo na kukandamiza kiuno chini kwa sekunde 5, kisha legeza. Rudia mara 10. Ukiwa hapohapo, inua makalio hadi mwili unyooke kutoka mabegani mpaka magotini, ushikilie kwa muda uleule na kushuka taratibu. Kisha piga magoti, weka viganja chini, unyooshe mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma bila kuacha kiuno kibonyee, halafu ubadilishe upande.

Zoezi la nne linahitaji uangalifu zaidi. Ni la kulala kifudifudi na kusukuma kifua juu kwa mikono huku nyonga zikibaki chini, nalo lilienezwa na Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand, aliyegundua manufaa ya mkao huo miaka ya 1950. Anayeumwa mgongo pamoja na mguu aangalie maumivu yanaelekea wapi: yakitoka mguuni na kukusanyika kiunoni, hata kama kiuno kitauma zaidi kwa muda, zoezi linamfaa, yakishuka kuelekea unyayoni, aache mara moja.

Kuhusu mkanda wa kiuno, ni afadhali ubaki na fedha yako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu, mazoezi na hata kuchua, lakini haupendekezi mikanda wala mashine za kuvuta mgongo.

Maumivu yakipungua, ongeza kutembea, ukianza na dakika chache kwenye barabara zenye vivuli kama za Shanty Town na kufika dakika 30 mara 5 kwa wiki. Katika utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2024, waliofuata mpango wa kutembea walikaa wastani wa siku 208 kabla ya maumivu kurudi, ilhali wengine walikaa siku 112.

Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro au mama anayebeba mikungu ya ndizi hadi soko la Mbuyuni asirudie uzito wake wa kawaida siku ya kwanza. Aanze na nusu ya mzigo, aukumbatie karibu na mwili anapouinua, akunje magoti, na aongeze kilo chache tu endapo asubuhi inayofuata ataamka bila kukakamaa kuliko jana yake.